Visheti vya Chuma: Chembe za Sumaku Zinavyopikwa Maabara



Tangu tulipotoa kile kipindi cha kueleza kazi yako kwa Kiswahili, meseji za sauti hazijakatika. Muuguzi kaeleza yake, mhasibu yake, dereva wa lori kaeleza vizuri kuliko wote. Halafu tupo sisi wa maabara. Sentensi ya kwanza tunaanza vizuri, ya pili tunakwama, ya tatu tumesharudi kwenye Kiingereza, na shangazi upande wa pili wa simu anasema "haya mwanangu, Mungu akubariki". Maana yake hajaelewa kitu na hataki kukuumiza.

Basi leo naandika sentensi zote. Kazi yangu, siku nyingi za wiki, ni kutengeneza chembe ndogo sana za sumaku na kuzivisha ganda la silika. Silika ni kile kitu kinachofanya mchanga wa mtoni na kioo cha dirisha. (Mchanga mweupe wa fukwe za Zanzibar ni habari nyingine, ule mwingi wake ni matumbawe yaliyosagika.) Kiini cha chembe ni magnetaiti, oksidi nyeusi ya chuma, ndugu wa kutu. Kama utotoni uliwahi kuburuta sumaku kwenye mchanga mweusi ikatoka imeota manyoya, basi mmeshajuana.

Zinatumika wapi? Kama mwaka 2020 au 2021 uliingizwa kijiti puani na sampuli ikapelekwa maabara kwa kipimo cha PCR, kuna uwezekano mkubwa kwamba chembe za ukoo huu ndizo zilizochota RNA ya kirusi kutoka kwenye makamasi yako. Wewe ulisubiri majibu ya kupanda ndege. Sisi tulisubiri chembe.

Kwanza tuelewane kuhusu udogo. Nanomita moja ni milimita moja iliyogawanywa mara milioni. Unywele wa kichwani una upana wa nanomita 80,000 hivi. Kiini ninachokipika kina nanomita kama 10, kwa hiyo ungeweza kupanga viini 8,000 kukatiza unywele mmoja. Na udogo huo si mbwembwe, ndio unaofanya kitu chenyewe kifae.

Sumaku ya kwenye friji ina kumbukumbu. Ikishapewa mwelekeo, inabaki nao miaka. Kipande cha magnetaiti cha ukubwa wa kawaida ndani yake mna maeneo mengi, kila eneo na mwelekeo wake. Kipunguze mpaka nanomita 10 na hakuna tena nafasi ya zaidi ya eneo moja, na joto la kawaida la chumba linatosha kuugeuzageuza mwelekeo huo mara nyingi mno kwa sekunde. Ukiipima chembe ikiwa peke yake, unaona kama haina usumaku wowote. Leta sumaku kubwa karibu: zote zinageukia upande mmoja na kuvutwa. Iondoe: zinasahau, zinasambaa kwenye maji kana kwamba hakuna kilichotokea. Huku kusahau ndiko tunakokitafuta. Chembe zenye kumbukumbu zingeendelea kung'ang'aniana hata baada ya sumaku kuondoka, na ungebaki na donge jeusi lisilofaa kwa lolote.

Kiini

Mapishi ya kiini ni mafupi kiasi kwamba watu hawaamini. Unahitaji chumvi mbili za chuma, kloridi ya chuma(III) na kloridi ya chuma(II), kwa uwiano wa mbili kwa moja, kwa sababu magnetaiti yenyewe, Fe₃O₄, imejengwa hivyo: chuma mbili za aina ya kwanza, moja ya aina ya pili. Kwa mililita 100 za maji napima gramu 5.4 za ile ya kwanza na gramu 2.0 za ile ya pili. Hapa nazungumzia chumvi zinazouzwa zikiwa na maji ndani ya fuwele zake, maji sita kwa ya kwanza na manne kwa ya pili. Soma lebo. Ukinunua iliyokaushwa ukapima uzito uleule, hesabu yote inaharibika.

Maji yanapulizwa naitrojeni kwanza ili kufukuza oksijeni, kwa kuwa chuma(II) ni dhaifu mbele ya hewa. Pasha mpaka nyuzi 80 za Selsiasi, koroga kwa nguvu. Myeyuko una rangi ya chungwa, kama chai ya tangawizi iliyokolea. Kisha unamwaga mililita 15 za amonia ya asilimia 25, zote kwa pamoja.

Inageuka nyeusi tii. Hapo hapo. Nimeifanya mara nyingi na bado wanafunzi wakiwa karibu nawaita waje waone. Ndani ya sekunde hiyo matrilioni kwa matrilioni ya chembe yamezaliwa, na ikikaa nusu saa kwenye moto wake zinatulia na kukamilika. Kwa vipimo hivyo, zaidi kabisa utapata gramu 2.3 za magnetaiti. Ikitoka rangi ya kahawia badala ya nyeusi, ama hewa iliingia, ama uwiano haukuwa sawa, na hakuna dawa isipokuwa kuanza upya. Njia hii kwa kawaida inahusishwa na Mfaransa René Massart, aliyeichapisha mwaka 1981, na hadi leo ndiyo njia ya mwenye bajeti ndogo. Ziko nyingine zinazotoa chembe zilizolingana zaidi kwa ukubwa, ila zinataka joto kali na viyeyushi vya mafuta, na ukimaliza chembe zako hazipendi maji. Kwa kazi ya DNA, mimi sioni haja.

Kuosha sasa. Hapa kila aliyekulia kwenye nyumba yetu ana uzoefu tayari, maana ni kama kuosha mchele. Unaegemeza bika kwenye sumaku kali ya neodimiamu, weusi wote unakimbilia ukutani, unamwaga maji, unatia mengine, unatikisa, unarudia. Mara nne, tano, mpaka harufu ya amonia iishe na maji yawe ya kawaida.

Ganda

Kwa nini tusiishie hapo? Chembe zenyewe si zinavutwa na sumaku?

Zinavutwa, ndiyo, lakini ziko uchi. Hewa inazila taratibu na kuzigeuza kahawia. Asidi inaziyeyusha, na ayoni za chuma zinazotoka zinavuruga kimeng'enya cha PCR, yaani kipimo chako kinaweza kusema hakuna kirusi kumbe kirusi kipo. Halafu kuna suala la chaji. Uso wa magnetaiti hupoteza chaji yake karibu na pH 7, ambayo ndiyo pH ya maji safi na, kwa ukaribu, ya mwili. Chembe zisizo na chaji hazisukumani, zisiposukumana zinagandamana. Silika inafika sifuri kwenye pH 2 hadi 3 tu, kwa hiyo ndani ya maji ya kawaida ina chaji hasi ya kutosha na kila chembe inamsukuma mwenzake. Na juu ya yote hayo, DNA na RNA zinapenda kushika silika. Tutafika huko.

Uvishaji wenyewe tumeurithi kwa Werner Stöber, Arthur Fink na Ernst Bohn, ambao mwaka 1968 walichapisha namna ya kutengeneza vijiduara vya silika vinavyolingana kwa ukubwa. Chuma hakikuwemo kwenye hesabu yao. Walichukua kimiminika kinachoitwa TEOS, ambacho ni atomu ya silikoni iliyoshikwa na mikono minne ya ethanoli, wakakitia kwenye ethanoli yenye maji kidogo na amonia. Amonia inaharakisha, maji yanaikata ile mikono minne, silikoni zinashikana zenyewe kwa zenyewe kupitia oksijeni, na unapata silika. Kinachobaki ni ethanoli. Baadaye watu wakajiuliza: je, tukitia ndani yake kitu kingine, silika itaota juu yake? Mwaka 1994 Albert Philipse na wenzake wa Utrecht walionyesha namna ya kuivisha magnetaiti, na tangu hapo mapishi yamekuwa mengi kama ya pilau: kila nyumba na lake.

Nilipomweleza shangazi wa Tanga sehemu hii kwa simu, nilitumia visheti. Si mnavijua? Vile vya Idi. Unakaanga donge la ngano, unapika shira nzito ya sukari, unavitumbukiza na kuvigeuzageuza bila kuacha mpaka sukari ikauke juu yake ikiwa nyeupe. Nikamwambia, "Shangazi, mimi visheti vyangu ni vya chuma, na shira yangu ni mchanga." Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Na shira ikizidi je?"

Shikamoo shangazi. Kuna watu wamefika shahada ya uzamivu bila kuuliza swali hilo.

Shira ikizidi, au ikitiwa kwa pupa, mambo mawili yanatokea, yaleyale ya sufuriani. Ama visheti vinashikamana vikawa bonge moja, ama sukari inaganda peke yake pembeni bila kisheti ndani. Maabara tunaita chembe tupu: vijiduara vya silika visivyo na kiini. Kuzitambua ni rahisi. Weka chupa kwenye sumaku. Weusi ukishavutwa, maji yanapaswa kubaki maangavu. Yakibaki na ukungu mweupe kama maji ya mchele, huo ukungu ni TEOS yako iliyopotea.

Kwa hiyo tunakwenda polepole. Kwanza chembe nazitayarisha kwa sitrati ya sodiamu kwenye maji ya moto. Sitrati inang'ang'ania uso wa chuma na kuupa chaji hasi, ili chembe zitengane kabla ya kuvishwa. Kisha gramu 0.2 za chembe naziingiza kwenye mililita 160 za ethanoli na 40 za maji, chupa inakaa kwenye bafu ya mawimbi ya sauti mpaka nione hakuna madonge. Natia mililita 5 za amonia. Halafu mililita moja ya TEOS, iliyochanganywa na ethanoli, inaingia tone kwa tone, na kukoroga kunaendelea usiku kucha.

Kukoroga kwa nini? Wengi wanatumia ile mashine ya mezani yenye kipande cha sumaku kinachozunguka chini ya chupa. Hapa haiwezekani: kipande chenyewe kitakusanya chembe zako zote kama mjukuu anayekusanya peremende. Tunatumia fimbo yenye pangaboi inayoshuka kutoka juu. Ni jambo dogo, na sijaona mapishi mengi yanayolitaja.

Asubuhi unaosha kwa ethanoli, kisha kwa maji. Chini ya darubini ya elektroni utaona kiini cheusi ndani ya ute mwepesi wa kijivu. Asiyekuwa na darubini ya elektroni (na maabara nyingi duniani hazina) anaweza kutia chembe chache kwenye asidi ya haidrokloriki. Zilizo uchi zinayeyuka na maji yanakuwa ya njano. Zilizovishwa vizuri zinakawia sana. Nasema zinakawia, sisemi hazifi: ganda hili lina vitundu vidogo mno, na asidi ikipewa muda itapenya.

Kuna jambo moja linalowachanganya wanafunzi kila mwaka. Tumesifu nanomita 10, lakini chembe ya nanomita 10 peke yake ni ngumu kuikamata. Nguvu ya sumaku juu ya chembe inafuata ujazo. Mpira wenye kipenyo mara kumi una ujazo mara 1,000. Ukivisha kiini kimoja kimoja, utakaa na sumaku yako mkononi dakika nyingi sana ukisubiri weusi uhame. Kwa hiyo tunataka viini vingi pamoja ndani ya ganda moja, kifurushi cha nanomita 100 au zaidi. Kila kiini ndani yake kinabaki kidogo na chenye kusahau, ila kwa pamoja vina uzito wa kuvutwa haraka. Nanomita 100, kwa taarifa, ndio ukubwa wa kirusi cha Korona chenyewe. Nyavu na samaki, kimo kimoja.

Kuvua

Mwaka 1990 René Boom na wenzake huko Amsterdam walichapisha njia ambayo karibu kila kiti cha kuchotea DNA na RNA kinaifuata hadi leo. Unachanganya sampuli na chumvi kali iitwayo guanidini thayosayaneti. Chumvi hiyo inapasua seli na virusi, inaharibu protini, na inanyang'anya DNA na silika maji yaliyozizunguka, mpaka hivyo viwili vinaona heri vishikane. Silika inaibeba DNA. Unaosha uchafu kwa ethanoli ya asilimia 70 au 80, unakausha kidogo, kisha unatia maji safi, na DNA inaachia. Boom alitumia unga wa silika na mashine ya kuzungusha mirija. Silika ikiwa na kiini cha sumaku, mashine hiyo huihitaji tena, na roboti inaweza kushughulikia sampuli 96 kwa mpigo mmoja.

Sasa rudini Machi na Aprili 2020. Mashine za PCR zilikuwepo sehemu nyingi, Afrika pia, maana miaka ya kupambana na Ukimwi na kifua kikuu ilikuwa imeacha vifaa na watu wenye ujuzi. Kilichokosekana ni vitu vidogo: vijiti vya puani, kemikali, viti vya kuchotea RNA. Mwishoni mwa Aprili mwaka huo, John Nkengasong, aliyekuwa mkurugenzi wa Africa CDC, aliandika kwenye jarida la Nature kwamba nchi za Afrika zilikuwa na fedha za kulipia na bado hazikuweza kununua. Nchi nyingi zilikuwa zimezuia vifaa vya tiba kutoka nje ya mipaka yao. Fedha mkononi, foleni ndefu, na mwenye duka anawauzia jirani zake kwanza.

Kinachonikereketa ni kwamba mapishi yalikuwa hadharani. Mwaka mmoja kabla, Januari 2019, kundi la watafiti lenye mizizi Ujerumani na New Zealand lilichapisha kwenye PLOS Biology mradi wanaouita BOMB: namna ya kupika kiini, kukivisha silika, na kuchota DNA na RNA kwa sahani za vishimo 96, yote bure kwa yeyote atakaye kusoma. Kemikali zake nyingi ni hizihizi nilizowatajia.

Lakini mimi sipo upande wa wale wanaosema "si wajitengenezee tu" wakiwa wamekaa karibu na ghala lililojaa. Chembe za leo na za wiki ijayo lazima zifanane, na kufanana huko ndiko kazi yenyewe; kupika mara moja kila mtu anaweza. Majibu ya mgonjwa hayatolewi kwa chembe ambazo hazijapimwa sambamba na zile zilizoidhinishwa, sampuli kwa sampuli. TEOS nayo inaagizwa. Kimeng'enya cha PCR kinaagizwa. Ukiziba tundu moja, maji yanatokea jingine. Hata hivyo, kwa maabara ya chuo kikuu inayofanya utafiti, iwe ya malaria, ya mifugo au ya mihogo, ambako hakuna mgonjwa anayesubiri majibu, sioni sababu nzuri ya kungoja kiti cha bei mbaya kiwasili kwa ndege ilhali gramu mbili za chembe zinapikwa mchana mmoja na kuvishwa usiku huo.

Na nyie mnaosoma hapa wenye miaka 16 na jiko la mama: hapana. Amonia ya asilimia 25 si ile ya kusafishia madirisha, inachoma mapafu. Mvuke wa TEOS unadhuru macho. Chembe zikikauka zinakuwa vumbi ambalo hutaki kulivuta. Na taka yenye guanidini thayosayaneti isikutane kamwe na dawa ya klorini ya kuua vijidudu, kwani inatoa gesi za sumu, zikiwemo za sayanidi. Haya yanafanyika ndani ya kabati la kuvuta hewa, na miwani, na mtu mzima anayejua.

Chembe zikishakamilika hukaa kwenye maji au ethanoli, kwenye friji ya kawaida. Zisiwekwe friza. Maji yakiganda yanazisukuma pamoja, na zikishashikana hivyo hata yale mawimbi ya sauti hayazitenganishi vizuri. Kabla ya kutumia, tikisa chupa mpaka weusi usambae sawasawa.

Wiki ijayo ni zamu ya mwenzangu, ambaye kazi yake ni kuzikatia bima kampuni za bima. Namtakia kila la heri.